Hesabu Pumzi Kwanza, Kisha Chemsha

Bibi yangu hakuwahi kumchemshia mtu dawa ya kifua kabla hajamtazama. Ukienda kwake na kikohozi alikwambia uvue shati, ukae kwenye kigoda, unyamaze. Alikaa nyuma yako akabandika sikio mgongoni, chini kidogo ya bega, akasikiliza upande huu na upande ule. Kisha alihamia mbele. Alitazama tundu za pua, kile kishimo kilicho chini ya koo, na ngozi iliyo kati ya ubavu na ubavu. Yote hayo bila kusema neno. Mimi nilikuwa mtoto wa mkamba, kifua kilinibana mara kwa mara, kwa hiyo nilikikalia kigoda kile kuliko mjukuu mwingine yeyote. Ubaridi wa sikio lake mgongoni naukumbuka mpaka leo.

Akiridhika, alichukua kisu akaanza kukata mizizi. Asiporidhika, alimgeukia mama na kusema, "Huyu si wa sufuria yangu. Mpelekeni." Nakumbuka alilisema mara mbili kwangu, na mara zote mbili nililazwa.

Nilikuwa nimeshakua ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta. Alitaka kujua ugonjwa umefika wapi: umeishia kooni, umeshuka kwenye mirija, au umetua chini kabisa mapafuni. Hakuwa na majina ya kitabibu ya sehemu hizo, lakini alijua kwamba sufuria yake ina mahali inapofika na mahali isipofika. Miaka hii ambayo kila mtu ana mchanganyiko wake wa tangawizi anaoutuma kwenye simu, hilo la pili, yaani mahali dawa isipofika, silisikii likisemwa. Ndiyo maana naandika.

Hewa ikipita kooni huingia kwenye bomba kuu, na bomba hilo hugawanyika mawili, kila tawi likagawanyika tena, na tena, kwa takriban vizazi 23 vya matawi, mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa vinavyozidi milioni 300. Vifuko hivyo ukivitandaza vyote vingeenea takriban mita 70 za mraba. Huko ndiko damu inakochukua oksijeni, kupitia utando mwembamba kuliko karatasi yoyote. Matawi ya juu yamefunikwa kwa ndani na ute, na chini ya ute kuna vinyweleo vinavyopigapiga bila kupumzika, vikiusukuma ute kwenda juu pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Makohozi ndiyo taka za ufagio huo.

Virusi, bakteria, moshi au vumbi vikichokoza utando huo, mwili hujibu kwa kuvimba. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvujisha maji, utando hunenepa, tezi humwaga ute mwingi na mzito, na misuli inayoizunguka mirija inaweza kujikaza. Nafasi ya hewa hupungua. Kinachoogopesha ni hesabu yake: mrija ukipungua upana kwa nusu, ukinzani wa hewa kupita hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Mtoto mchanga ana mirija myembamba tangu mwanzo, kwa hiyo uvimbe ambao mtu mzima angeukohoa tu akaenda kazini, yeye unamfanya atwete.

Uvimbe ukiwa kwenye mirija mikubwa tunauita mkamba. Mirija ikiwa imevimba kwa muda mrefu na misuli yake ina wepesi wa kujikaza, hiyo ni pumu. Vifuko vya chini vikijaa maji na usaha, hiyo ni nimonia, ambayo wazee wengi huiita kichomi kwa sababu ya yale maumivu ya kuchoma ubavuni, ambayo kwa kweli hutoka kwenye utando unaoyafunika mapafu kwa nje. Watu husema "kifua" kwa yote haya. Neno moja hilo limefanya watu wengi wanywe dawa ya mkamba wakati wana nimonia.

Sasa nije kwenye mimea yenyewe, maana naipenda na sitaki mtu adhani nimekuja kuibeza.

Kundi la kwanza ni mimea yenye utelezi. Mizizi ya Althaea officinalis, majani ya Plantago, mbegu za kitani: loweka vijiko viwili vya mbegu za kitani kwenye maji usiku, na asubuhi utakuta maji yamekuwa kama ute wa yai, ukiyainua kwa kijiko yanavutika uzi. Utelezi huo hutandaa kwenye koo lililochubuka kwa kukohoa, na kikohozi kikavu cha kuwasha hutulia kwa muda. Asali hufanya kazi inayofanana na hiyo, na yenyewe imepimwa kwa watoto wenye kikohozi cha usiku, ikaonekana kuwasaidia kulala vizuri kuliko kutopewa chochote. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Inaweza kubeba chembe za bakteria wa botulizimu, na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuwazuia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo limenigombanisha na watu ninaowaheshimu. Unachokunywa hakiendi mapafuni. Kinapita kwenye umio, kinaingia tumboni. Hakuna chai "inayoosha mapafu" wala inayoshuka na kuyasugua makohozi. Kinywaji chenyewe cha mitishamba hufika kifuani kwa njia mbili kubwa: kwa kugusa koo wakati wa kumeza, au kwa kusagwa tumboni, kuingia kwenye damu, na damu kupeleka kidogo kilichobaki. Kikombe cha moto kinalegeza, naam, na maji mengi mwilini yanamsaidia mtu mwenye homa. Ila picha ya bomba linalooshwa tuiache.

Kundi la pili ni mimea yenye sabuni ya asili, zile kemikali zinazotoa povu ukizitikisa na maji. Majani ya aivi, ule mtambaazi wa Hedera helix unaopanda kuta, yamo humo, na mizizi ya urukususu pia. Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba sabuni hizi huchokoza kidogo ukuta wa tumbo, na mishipa ya fahamu ikapeleka habari kwenye mirija ya hewa itoe majimaji zaidi, ute ukawa mwepesi. Uchunguzi wa karibuni umeongeza kitu kwa upande wa aivi: kemikali yake iitwayo alfa-hederini huzifanya zile swichi za kulegeza misuli ya mirija zibaki nje ya seli kwa muda mrefu zaidi, na hizo ndizo swichi ambazo salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta kwa inhela, huzibonyeza.

Kundi la tatu ni mafuta yanukiayo: thaimu, mkaratusi, mnanaa. Ujerumani, ambako dawa za mimea hupimwa na kuuzwa kwa utaratibu wa dawa, watu wazima zaidi ya 360 wenye mkamba wa ghafla walipewa sharubati ya thaimu na aivi au sharubati tupu isiyo na dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliopewa mimea kikohozi chao kilishuka hadi nusu siku mbili mapema. Siku mbili. Kwa mtu asiyelala kwa kukohoa, siku mbili ni zawadi kubwa, na mimi nazipokea kwa mikono yote. Ila soma pia upande wa pili: hata waliokunywa sharubati tupu walipona. Mkamba wa virusi huisha wenyewe, na kikohozi chake huchukua wiki mbili hadi tatu kwa kawaida. Dawa nyingi za mitishamba zimepata sifa kwa kunywewa siku ya kumi na mbili.

Mkaratusi una sineoli, na hiyo pia imepimwa. Madaktari wa Bonn waliwagawa wagonjwa 32 wa pumu kali, waliokuwa wakitegemea vidonge vya steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe: baadhi walipewa miligramu 200 za sineoli mara tatu kwa siku kwa wiki 12, na wengi wao waliweza kupunguza steroidi kuliko wale waliopewa vidonge tupu. Ilitolewa kwenye vidonge vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, chini ya macho ya daktari. Chupa ya mafuta ya mkaratusi ni kitu kingine kabisa, na mtoto mdogo akiyameza hata kiasi kidogo anaweza kupata degedege. Mentoli ya mnanaa nayo ina siri yake. Inagusa vipokezi vya ubaridi puani, ubongo ukadhani hewa inaingia kwa wingi, lakini ukipima pua yenyewe utakuta imeziba vilevile. Ni nafuu ya kweli kwa mtu mzima anayetaka kulala. Kwa kichanga usiipake karibu na pua kamwe. Inaweza kumfanya koo lijifunge.

Tangawizi na manjano watu huniuliza kila mara, kwa hiyo nijibu. Kwenye maabara, kemikali za tangawizi zimelegeza misuli ya mirija ya hewa ya binadamu iliyokatwa na kuwekwa kwenye chombo. Kurkumini ya manjano huzima baadhi ya amri za uvimbe ndani ya seli. Tatizo la kurkumini ni kwamba utumbo hauipokei vizuri, karibu yote hutoka kama ilivyoingia, na ndiyo maana wengine huichanganya na pilipili manga, ambayo piperini yake huongeza sana kiasi kinachoingia kwenye damu. Chomboni na kifuani kuna umbali. Mimi nakunywa tangawizi kwa sababu inanichangamsha koo na kunitoa jasho, na sidai zaidi ya hapo.

Kinachonipa heshima ya kweli kwa mitishamba ya kifua ni historia yake, kwa sababu robo tatu ya dawa nilizowahi kuvuta kwa ajili ya kifua changu zina mmea mahali fulani nyuma yake. Hati za tiba za Misri ya kale, za takriban miaka 3,500 iliyopita, zinaeleza mimea kuwekwa juu ya matofali ya moto na mgonjwa kuvuta mvuke wake kwa mwanzi. Wachina walitumia kichaka cha mahuang kwa watu wanaobanwa kifua kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1885 mkemia Mjapani Nagai Nagayoshi alikitoa kiini chake, efedrini, na kutoka mlango huo zikafunguka dawa za kulegeza mirija. Mmea wa Justicia adhatoda, uliotumika India tangu zamani kwa kikohozi chenye makohozi, una vasisini. Wanakemia waliigeuzageuza, na miaka ya 1960 ikatoka bromheksini, kisha ambroksoli. Ukinywa sharubati hizo za kulainisha makohozi, unakunywa mjukuu wa jani.

Henry Hyde Salter, daktari Mwingereza wa karne ya 19 ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, aliisifu kahawa kali ya buni kuwa mojawapo ya dawa bora za kubanwa kifua. Mwaka 1888 Albrecht Kossel akaipata teofilini kwenye majani ya chai, binamu wa karibu wa kafeini, na ikaja kuwa dawa ya pumu iliyotumika duniani kote kwa miongo mingi.

Halafu kuna Roger Altounyan, ambaye habari yake kila nikiisoma hunigusa. Alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1922, akawa daktari Uingereza, na alikuwa na pumu. Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa ikichunguza kemikali zilizotokana na kelini, kiini cha Ammi visnaga, mmea wa Mashariki ya Kati uliotumika tangu kale kulegeza misuli. Wanyama wa maabara hawakuwa wakipata pumu kama ya binadamu, kwa hiyo Altounyan alijitoa yeye. Alivuta dawa, kisha akavuta maji yaliyotengenezwa kwa manyoya ya simbilisi (guinea pig) wa maabara, ambayo alijua yatambana kifua, halafu akapima pumzi zake zilivyoshuka. Alifanya hivyo mamia ya mara, kwa miaka, kemikali moja baada ya nyingine. Mwaka 1965 wakaipata kromoglikati, inayozuia seli za mzio zisimwage kemikali zake, na watoto wengi wa pumu waliitumia. Mtu aliyewahi kubanwa kifua anajua maana ya kulitafuta bano lile kwa makusudi, asubuhi, ukiwa mzima.

Naitaja safari hii kwa sababu inaonyesha pia kilichobadilika njiani. Mmea ule ule mmoja mwaka huu una kiini kingi, mwaka kesho kidogo. Shina si sawa na jani. Uliokaushwa juani si sawa na uliokaushwa kivulini. Chukua mnanaha, Datura. Ulivutwa kama moshi kwa ajili ya pumu huko India, ukafika Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na hatimaye ukauzwa kama sigara za pumu. Ulifungua vifua kweli, kwa sababu una atropini. Lakini kati ya kiasi kinachofungua kifua na kiasi kinachomfanya mtu aweweseke, macho yakapanuka na moyo ukaenda mbio, pana nafasi ndogo mno, na watu wamekufa kwa mnanaha. Leo kuna ipratropiamu, iliyotengenezwa kutokana na atropini ili ibaki kwenye mirija na isizurure mwilini. Efedrini nayo ilipofanywa kidonge cha kujipunguza mwili na kuongeza nguvu iliua watu kwa mapigo ya moyo na kiharusi, mpaka Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyenye efedra, ndiyo ile mahuang, mwaka 2004.

Hata mimea inayoonekana mipole ina yake. Tussilago farfara imebeba kikohozi hadi kwenye jina lake la Kilatini, na imetumika tangu enzi za Wagiriki, lakini ina kemikali zinazoharibu ini kidogo kidogo bila dalili. Urukususu mwingi kwa wiki kadhaa hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Vitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa wingi si vya mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande bila kumwambia daktari wake. Na kuna unga unaouzwa kwa siri kama "mitishamba ya pumu" unaofanya maajabu ndani ya siku moja. Mara nyingi wachunguzi wa nchi mbalimbali wamekuta ndani yake deksamethasoni iliyosagwa. Mtu anaishi na steroidi miezi bila kujua, uso unajaa, sukari inapanda, na siku akiiacha ghafla anaanguka. Dawa ya kifua ikifanya kazi upesi kupita kiasi na muuzaji hataki kusema ni mmea gani, iache.

Kujifukiza kunahitaji aya yake. Mvuke wa moto hulegeza kamasi puani na hutoa faraja, nami sikatai. Ila faida yake kwa ugonjwa wenyewe ni ndogo, na madhara yake mimi ninayo mwilini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, beseni la maji yaliyotoka kuchemka liko mapajani, taulo kichwani, majani ya mkaratusi yanaelea. Nikakohoa. Kikohozi cha nguvu, kile kinachokukunja. Beseni likainama. Kovu langu linaanza juu ya goti la kushoto na kupanda kiasi cha upana wa kiganja, na ngozi yake mpaka leo ni laini isivyo kawaida, haina kinyweleo hata kimoja. Sasa chombo nakiweka mezani, kizito, mbali na ukingo, maji yakiwa yameshapoa kidogo. Mtoto simfukizi kabisa. Na moshi wa mimea iliyochomwa, hata uwe wa mmea gani, simpi mtu mwenye kifua. Moshi ni mchokozi wa mirija, na vinyweleo vile vinavyofagia hulegea kwa moshi.

Sasa mpaka wenyewe.

Yote niliyoyataja hadi hapa yanafanya kazi kooni na kwenye mirija. Yanalainisha, yanalegeza, yanapunguza kuwashwa. Nimonia ya bakteria imekaa chini ya hapo, kwenye vifuko, ambako usaha umechukua nafasi ya hewa. Hakuna mzizi uliochemshwa ambao umeonyeshwa kuua bakteria hao ndani ya pafu la mtu. Kabla ya antibayotiki, wazee walikuwa na mimea hii yote na nimonia iliwamaliza watu wazima wenye nguvu ndani ya wiki moja. Leo ipo antibayotiki ya amoksilini, na bado mwaka 2019, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano, asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Wengi wao wangepona kwa dawa na oksijeni zikipatikana kwa wakati. Kila nikiisoma namba hiyo nawaza ni nyumba ngapi kati ya hizo ambako sufuria lilikuwa jikoni.

Nyumba ya dada yangu ilikaribia kuwa mojawapo. Mtoto wake alikuwa na miezi minane, mafua ya siku tatu, kikohozi. Aliponipigia usiku alikuwa ameshaweka maji jikoni. "Kaka, niambie kipimo cha thaimu kwa mtoto," alisema, "na nimtilie asali kidogo?" Nilimwambia azime jiko, amlaze mtoto chali, amfunue tumbo, aweke simu karibu. Nikafika nikamkuta amekaa sakafuni kando ya mtoto, haongei.

Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka upesi sana. Nilitazama saa yenye mshale wa sekunde na kuhesabu dakika nzima, siyo nusu, kwa sababu watoto hupumua kwa mapigo yasiyo sawa. Pumzi 63. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Akifika hapo anapumua haraka kupita kiasi. Kwa aliye chini ya miezi 2 ni 60, na kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kisha nikaona kile alichokuwa akikitazama bibi: kila akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, ilibonyea kwenda ndani badala ya kutoka nje. Tundu za pua zilipanuka. Alikuwa ameacha kunyonya tangu jioni. Tuliondoka tukiwa na khanga moja na kadi ya kliniki. Alikaa kwenye oksijeni siku mbili na antibayotiki kwa muda wote waliotuandikia. Thaimu ya dada ilibaki kwenye maji yaliyopoa. Tuliikuta tuliporudi, imekuwa nyeusi.

Ndivyo ninavyoomba kila mtu afanye, na kunahitaji saa tu. Hesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, asilie, asinyonye. Tazama chini ya mbavu. Midomo au ulimi kuwa na rangi ya buluu au kijivu, kusinzia asiamke vizuri, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa, degedege, hayo hayangoji asubuhi. Mtu mzima akifika pumzi 30 kwa dakika naye asingoje, wala anayekohoa damu, wala mzee aliyechanganyikiwa ghafla; wazee hupata nimonia bila hata homa. Kikohozi kilichozidi wiki mbili makohozi yake yapimwe kifua kikuu. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Stevens, mgonjwa wa kifua, alitibiwa huko kusini mwa Afrika kwa mzizi wa mmea wa Pelargonium, akarudi kwao na kuuuza kama tiba ya kifua kikuu kwa miaka mingi. Mzizi huo leo hutumika Ulaya kwa mkamba wa kawaida, na huko una nafasi yake. Kifua kikuu huponywa na dawa zake, miezi kadhaa bila kuruka.

Mwenye pumu asiache inhela yake ya kila siku kwa sababu ya chai yoyote. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kuiacha yangu miezi mitatu nikiwa na miaka ishirini na tano, nikijiona nimepona kwa mitishamba. Uvimbe wa pumu hunyamaza. Mirija ilikuwa imevimba muda wote huo, nami nilijisikia mzima hadi usiku mmoja nilipokuwa siwezi kumaliza sentensi.

Mama yangu sasa ana miaka sabini na mmoja, na wiki iliyopita alianza kukohoa. Alikuwa amekaa karibu na dirisha akisuka ukindu, nami nikajifanya natafuta kitu mezani, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadilisha mwendo. Bega lake la kulia lilipanda na kushuka taratibu. Kumi na saba. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso, halikuwa na moto. Nikamuuliza leo ni siku gani, akanijibu na kunikumbusha kwamba sijampigia shangazi.

"Unanipima kama bibi yako," alisema bila kuinua macho.

"Naam, mama."

Nikaosha kipande cha tangawizi kama kidole gumba, nikakikwangua ganda kwa ncha ya kijiko, nikakikata vipande vyembamba vya kuonekana mwanga, nikavitupia kwenye maji yalipoanza kutoa mapovu madogo ya pembeni. Dakika kumi, moto mdogo, kifuniko juu ili harufu isiondoke na mvuke. Thaimu niliitia mwisho, baada ya kuzima. Asali nikaitia kikombeni, chai ilipopoa kiasi cha kushikika. Alikunywa nusu, akakohoa, akasema koo limelegea, na akaendelea kusuka.